Masomo mtandaoni: swali la mwalimu lisipotee katikati ya salamu

Tangu Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, wanafunzi wengi wa Kivu wametawanyika. Wengine wamebaki, wengine wako Kinshasa, wengine wamevuka mpaka. Pale ambapo masomo yanaendelea kwa simu, mara nyingi yanaendelea katika kikundi cha WhatsApp, na kikundi hicho kimekuwa ukumbi wa masomo, ubao wa matangazo na kijiwe, vyote pamoja. Mwalimu anatuma swali la mjadala asubuhi. Kufika jioni limefunikwa na salamu, picha za harusi, pole za msiba na sauti za dakika tano ambazo hakuna anayejua zinahusu somo gani.

Anayeumia kwanza si mvivu. Ni yule wa mtaa usio na umeme, anayewasha simu usiku akiwa na mega hamsini. Zinaisha kabla hajalifikia swali, na kesho anaandikiwa sifuri. Katika mfumo wa LMD, ambamo kila somo lina krediti zake, sifuri za namna hiyo zinaweza kumrudisha nyuma.

Dawa haihitaji programu ya bei. WhatsApp inaruhusu kikundi ambamo wasimamizi peke yao wanaandika: humo mukae maswali, matangazo na tarehe za kazi, basi. Kikundi cha pili kiwe cha kujibizana. Kila swali lianze kwa mstari wa namna moja, tuseme «Takwimu, juma la 3, swali la 2». Mwanafunzi akiandika maneno hayo katika sehemu ya kutafuta, simu inamletea swali hata likiwa la mwezi uliopita. Jibu litolewe juu ya ujumbe wa swali lenyewe, si kurushwa hewani. Na sauti isitumwe bila mstari wa maandishi unaosema ni ya swali gani.

Wapo wanaosema huko ni kuwabana vijana. Hapana. Mjadala uachwe huru, ila mahali pake pajulikane. (Salamu nazo zipewe kikundi chao, Mukongomani bila salamu haiwezekani.)

Gumu zaidi ni la yule anayechelewa kufika. Anayejiunga na kikundi leo kwa kawaida haoni yaliyoandikwa jana, na aliyepoteza simu akikimbia anaanza upya. Kwa hiyo kila mwisho wa juma panahitajika muhtasari mwepesi: maswali, majibu ambayo mwalimu amekubali, kazi inayodaiwa. Kazi hiyo, pale inapofanyika, mara nyingi inaangukia kiongozi wa promosheni, ambaye naye ni mwanafunzi na anatumia mega zake. Chuo kinachopokea ada kimpe kazi hiyo msaidizi wa somo, pamoja na mega za kuifanya, kabla ya kutangaza tarehe za mitihani.