Nywele hazijibu SMS

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu ya kupakua. Naandika kuhusu magonjwa ya zinaa. Msikimbie! Mada hii inatuhusu sana sisi watu wa kompyuta, kwa sababu ndani yake mna habari ya data mbovu, na ya watu wanaoumia data ikiwa mbovu.

Kisa chenyewe ni cha Kisumu. Watafiti walitaka kujua jambo moja: mwanamke akimeza doksisaiklini ndani ya saa 72 baada ya kufanya mapenzi bila kondomu, je, ataepuka klamidia, kisonono na kaswende? Doksisaiklini ni antibiotiki ya zamani na bei yake ni nafuu. Huko Marekani, utafiti wa San Francisco na Seattle uliochapishwa Aprili 2023 ulikuwa umeonyesha kwamba njia hii hupunguza maambukizi kwa takriban theluthi mbili miongoni mwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, pamoja na wanawake waliobadili jinsia. Swali likabaki: na wanawake wetu je?

Wakaandikishwa wanawake 449 wa umri wa miaka 18 hadi 30, wote wakiwa tayari wanatumia PrEP, yaani vidonge vya kujikinga na HIV. Kura ikapigwa. Nusu walipewa doksisaiklini, nusu nyingine wakapata huduma ya kawaida ya kupimwa kila baada ya miezi mitatu na kutibiwa. Baada ya mwaka mmoja kulikuwa na maambukizi 109: 50 upande wa dawa, 59 upande wa pili. Kitakwimu hiyo si tofauti. Matokeo yalichapishwa Desemba 2023, na ukisoma juujuu utasema basi, dawa hii haiwasaidii wanawake. Mambo kwisha.

Ngoja kwanza.

Kila wiki wanawake hao walikuwa wakiulizwa kwa SMS kama wanatumia dawa. Majibu mengi yalikuwa mazuri. Lakini watafiti walikuwa na njia ya pili ya kujua. Dawa ukiimeza, kiasi kidogo huingia kwenye nywele zinapoota, na nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo nywele ni kama logi ya seva: zinaandika kilichotokea, mtumiaji aseme asiseme. Walichagua kwa bahati nasibu wanawake 50 wa upande wa dawa na kupima sampuli 200 za nywele zao. Doksisaiklini ilipatikana katika sampuli 58 tu. Asilimia 29.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Kwenye data, ndugu zangu, lisemwalo si lazima liwepo.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba dawa yenyewe haikujaribiwa sawasawa. Ni kama kutangaza kwamba programu fulani haifanyi kazi, kisha ukague mashine na kukuta kwenye nyingi haikuwahi kuwekwa. Tuwe waungwana pia: kwa kisonono, hata kama kila mtu angemeza dawa, huenda isingesaidia sana, kwa sababu vijidudu vyote vya kisonono vilivyopimwa katika utafiti huo vilikuwa sugu kwa doksisaiklini. Lakini zaidi ya robo tatu ya maambukizi yalihusu klamidia, na huko usugu haukuonekana. Kwa klamidia, swali la Kisumu bado halijajibiwa.

Na si swali dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya zinaa yanayotibika. Klamidia kwa mwanamke mara nyingi haina dalili yoyote, na vituo vyetu vingi vya afya hutibu kwa kuangalia dalili. Asiye na dalili anarudi nyumbani bila dawa, ugonjwa unapanda hadi kwenye mirija ya uzazi, na miaka baadaye anaambiwa hawezi kupata mimba. Mwongozo wa Marekani wa Juni 2024 ulipendekeza doksisaiklini kwa makundi yale ya San Francisco na Seattle. Kwa wanawake wengine ukasema ushahidi hautoshi. Jibu la "ndiyo" kwenye SMS linaweza kumfungia mtu mlango.

Hii si mara ya kwanza. Utafiti ulioitwa VOICE ulihusisha wanawake 5,029 wa Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, ukijaribu vidonge na jeli ya kuzuia HIV. Kwa maneno yao wenyewe na kwa hesabu ya vidonge vilivyorudishwa, matumizi yalikaribia asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli asilimia 25 hadi 30 tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Miaka kumi baadaye Kisumu tukarudi pale pale!

Sasa hapa ndipo wengi husema, "Wanawake hawa ni waongo." Mimi nakataa kabisa. Watafiti wa VOICE waliwarudia baadhi ya washiriki, wakawaonyesha matokeo ya damu zao na kuwauliza kulikoni. Walieleza mambo ambayo yeyote anayeishi mtaani anayajua: kuogopa madhara ya dawa, uvumi, mume au mpenzi asiyetaka, na hofu ya kuonekana na vidonge vya ARV na kudhaniwa ni mgonjwa. Mtu wa namna hii akiulizwa na mhudumu anayempima na kumtibu, unatarajia atasema nini? Atasema ndiyo. Sisi tunaotengeneza programu tunajua vizuri: ukimwekea mtumiaji fomu ambayo jibu moja tu ndilo salama, atabonyeza hilo. Kosa ni la fomu.

Na tiba ambayo sisi wa teknolojia hukimbilia kila mara ni ipi? Kumkumbusha! Tunajenga mfumo wa kutuma SMS: "Usisahau dawa yako." Hilo nalo limejaribiwa, hapa hapa Thika na Kisumu, kwa wanawake 348 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waliokuwa kwenye PrEP. Vidonge vyao viliwekwa katika kijisanduku kinachotuma ishara kila kinapofunguliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Waliotumiwa SMS na wasiotumiwa walikuwa sawa. Kumbe tatizo halikuwa kusahau.

Linganisha na utafiti mwingine wa Kenya, wa wagonjwa 538 walioanza ARV, uliochapishwa mwaka 2010. Hapo kila wiki mgonjwa alipokea SMS yenye neno moja: "Mambo?" Alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akisema Shida, au akinyamaza, mhudumu wa afya anapiga simu. Baada ya mwaka, virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliopata SMS, dhidi ya asilimia 48 ya wengine. Hayo ni majibu ya maabara. Najua hao walikuwa wagonjwa wanaotibiwa, na mtu mzima wa afya hana msukumo ule ule wa kumeza vidonge. Lakini angalia muundo wa ujumbe. Haukumwambia mtu afanye nini. Ulimpa nafasi ya kusema Shida, na upande wa pili kulikuwa na binadamu. Zaidi ya hayo, simu ikiangukia mikononi mwa mume au mama mkwe, "Mambo?" haifichui kitu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya:

1. Utafiti wowote wa kinga unaotegemea mtu kumeza kitu uwe na kipimo kisichotegemea jibu lake (nywele, damu, chochote), na kianze mapema. Kukijua mwishoni ni kusoma logi baada ya seva kuungua.

2. Kipimo hicho kitumike kuukagua mpango, kisitumike kumkemea mtu. Najua kuna atakayesema tunawapeleleza wanawake hadi kwenye nywele. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana mshiriki aambiwe wazi kinachopimwa, akubali kwa hiari, na majibu yasipunguze huduma anayopata.

3. Kabla ya kuandika laini moja ya kodi ya kukumbusha, tuulize kama kinachotakiwa ni kukumbuka. Angalia yaliyofanikiwa. Utafiti wa Kenya wa chanjo ya HPV, virusi vya zinaa vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ulihusisha wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Dozi moja tu ilizuia maambukizi kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Na mwaka 2024, Uganda na Afrika Kusini, kati ya wanawake 2,134 waliodungwa lenakapaviri mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyepata HIV. Sindano haifichwi chini ya godoro, na hakuna anayeiona kwenye mkoba.

4. Swali la doksisaiklini na klamidia kwa wanawake lisifungwe kwa sababu ya Kisumu. Lirudiwe, na safari hii wanawake wenyewe wakae mezani wakati mpango unachorwa: dawa itafungwa vipi, itaitwa nini, itawekwa wapi, nani ajue.

Watafiti wa Kisumu wanastahili heshima, kwa sababu walipima nywele na kuchapisha kilichoonekana. Wangeweza kuridhika na SMS. Bila zile sampuli 200 tungekuwa leo tunaamini kwamba dawa imeshindwa, na hakuna ambaye angeuliza tena.

Nanyi mnaotengeneza mifumo ya afya, hebu niambieni: katika mfumo wako, mtumiaji anaweza kubonyeza "Shida" bila kuogopa? Na akibonyeza, nani anampigia simu?