Kijiko nacho kina teneur yake

Sisi watu wa migodi tunajua vizuri: kung'aa kwa jiwe si ndiyo bei yake. Malakiti ya kijani inapendeza macho, lakini mnunuzi hatoi franka mbele ya kujua teneur. Anapima, anauliza shaba ni asilimia ngapi, kobalti ni asilimia ngapi, kiisha njo bei inaongelewa.

Basi juu ya nini, tukifika ku soko na mshahara mu mfuko, tunasahauka akili hiyo yote? Tunaona sanduku la vijiko, forsheti na visu, vipande 24, vimepakwa rangi ya zahabu, na tunalipa paka sababu vinang'aa. Miezi michache tu, rangi inatoka, forsheti inajikunja mu nyama, kisu kinashika kutu. Mwaka kesho tunanunua tena. Kwetu sisi wa Karavia, huko ni kutupa feza ya jasho.

Inoksi ni chuma kilichochanganywa na krome, kuanzia karibu asilimia 10,5. Krome njo inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Ngozi ile ikikwaruzwa, inajirudisha yenyewe, bora hewa ifike. Nikeli ikiongezwa, kinga inazidi. Kwa hiyo ile 18/10 iliyogongwa nyuma ya kijiko ni teneur kabisa: krome asilimia 18, nikeli asilimia 10. Ile 18/0 haina nikeli. Si mbaya, na bei yake ni ya chini, lakini inashika madoa na kutu mbio zaidi. Neno "inox" peke yake, bila namba, halisemi mambo mengi.

Wenzetu wanaofanya mu usine za shaba hawana lazima ya kufundishwa hii. Ku elektrolizi, shaba inajishika juu ya mabati ya inoksi yaliyozamishwa mu asidi. Inabanduliwa, na bati lilelile linarudi kazini. Hakuna mkubwa wa usine mwenye kununua mabati yale juu ya kung'aa. Kwa nini basi nyumba ya mfanyakazi inunue kwa macho?

Ku soko, geuza kijiko kwanza, tafuta namba. Lakini namba hata mwongo anaweza kuigonga, kwa hiyo usiishie pale. Kishike mkononi: kiwe na uzito, na shingo yake iwe nene. Ukisukuma na kidole gumba na kinajikunja, kirudishe. Pitisha kidole katikati ya meno ya forsheti; kama yanakwaruza, kazi haikumalizika. Beba pia sumaku ndogo, ile tunaita aimant, hata ya radio iliyokufa. Kijiko cha 18/10, sumaku haikikamate, ao inakikamata kidogo tu. Angalia lakini: kuna inoksi ya bei ya chini yenye manganezi pahali pa nikeli nyingi, nayo sumaku haiikamate. Njo maana namba, uzito na sumaku viende pamoja. Kwa kisu ni kinyume: chuma cha kukata kinapashwa kuwa kigumu, na kile sumaku inakikamata. Huo si wizi.

Kuna wenye kusema: "Bukari tunakulaka na mikono, kijiko ni cha nini?" Ni kweli. Lakini uji wa mtoto, supu ya mgonjwa, mchele wa wageni na gamelle ya baba mwenye kwenda poste ya usiku, vyote vinaomba kijiko. Na feza zikiwa kidogo, afazali vijiko sita vizuri kuliko sanduku nzima ya takataka. Chagua umbo la kawaida, lisilo na maua mengi, ili likelemba ikikufikia uongeze vingine vyenye kufanana.

Ba mama, hata inoksi nzuri inaharibikaka. Musiilaze mu maji ya javel. Musitupe chumvi mu maji baridi pale vijiko vimelala, sababu chumvi inachimba matundu madogo. Paille de fer inaacha vipande vya chuma, na vile njo vinaota kutu. Sabuni, kitambaa laini, maji safi, kiisha kupanguza: inatosha.

Wauzaji wanaleta kile tunakubali kununua. Mtu mmoja akiuliza namba, watamucheka. Mtaa muzima ukiuliza, wao nao watauliza kule wanakonunua, hata kama ni ngambo ya Kasumbalesa. Jiwe letu haliuzwe bila teneur. Kijiko nacho kisiingie mu nyumba zetu bila teneur.