Kiwi ya Makuyuni

Jamani, leo nina la moyoni. Nimeshuka Makuyuni, hii yetu ya Korogwe (siyo ile ya Monduli wanakopita watalii), na viatu vyangu havikuchukua dakika kumi kufanana na barabara. Kijana mwenye kiboksi akanisogezea kandambili, nikakaa.

Mwangalie vizuri huyu mtu akiwa kazini. Kwanza brashi kavu, maana mchanga ukichanganyika na kiwi unakwaruza ngozi. Kisha anapaka kidogo, anaacha ikauke, halafu kitambaa kinapigwa mpaka nta ipate moto na kulainika, unaanza kuona meno yako kwenye ncha ya kiatu. Ukimpa swedi anakurudishia. Asiyejua angekula hela yako na kiatu akakiua. Huu ni ufundi, bwana! Kiwi yenyewe, kwa taarifa yenu, ilianzia Melbourne mwaka 1906. Sisi tukaligeuza jina la dawa zote za viatu.

Sasa kinachoniudhi. Ilipokuja Sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, vijana wa kazi ndogondogo mijini, wang'arisha viatu wakiwemo, walikamatwa kama wazururaji na kurudishwa vijijini wakalime. Mtu ameinama tangu alfajiri, eti mzururaji! Desemba 2018 Rais Magufuli akaleta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Wazo zuri, mgambo akae mbali. Lakini bei ilikuwa moja, kwa mwenye brashi mbili na kwa anayekaribia mauzo ya milioni nne kwa mwaka. Hapo sikuelewa.

Mwaka 2021 machinga wa mijini wakahamishiwa maeneo maalumu. Muuza nguo anaweza kufuatwa huko. Nani atapanda daladala kwenda kupigwa kiwi? Kazi hii inafuata miguu ya watu: stendi, nje ya ofisi, kijiweni. Ukimwondoa hapo umemwachisha kazi, hata kama umempa kizimba kipya chenye bati.

Na sisi wasomi tusijifanye watakatifu. Siku ya usaili wangu wa kwanza niling'arishiwa kwa mia tano, nikalazimisha kulipa mia tatu. Kijana alipokea bila neno. Kazi niliipata. Ile mia mbili sijarudi kuilipa.