Baada ya mstari mwekundu

Saa moja na nusu asubuhi mkuu wa shule huvuta daftari la mahudhurio na kupiga mstari mwekundu. Atakayechelewa atasaini chini yake, na akizidi kuchelewa atapewa barua ya kujieleza. Utaratibu huo hatuupingi. Tunachohoji ni pale mazungumzo ya mkuu na mwalimu yanapoishia hapo: mstari, barua, na ujumbe mkali wa saa nne usiku kwenye kundi la WhatsApp la shule. Hakuna aliyemwita pembeni na kumuuliza, "Madam, kulikoni siku hizi?" Huenda ana mgonjwa nyumbani.

Kwa maoni yetu tatizo huanzia kwenye uteuzi. Mwalimu hodari wa Hisabati, anayenyamazisha darasa la watoto tisini kwa kulikazia jicho tu, anakabidhiwa shule, kisha anaingia kwenye kikao cha walimu na jicho lile lile. Watu wazima nao hunyamaza, tena haraka kuliko watoto. Kikao huisha mapema, mkuu akaridhika, na maagizo yake yakaenda kujadiliwa chini ya mwembe.

Wazazi hawanyamazi. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa nchini Tanzania hadi kidato cha nne, wanajua kwamba serikali inaleta fedha. Ni kweli inaleta: ruzuku ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na katika hizo 4,000 ni za vitabu. Mkuu anayeomba mchango wa uji bila kwanza kueleza zile 6,000 zinazobaki zinakwenda wapi, asishangae watu wakiguna. Na yule baba anayesimama nyuma akifoka aachwe amalize. Mara nyingi swali lake ndilo la wote, ila wengine wanaona haya.

Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM) pale Bagamoyo hufundisha uongozi na utawala wa shule. Lakini mwalimu anaweza kuteuliwa leo na kuanza kazi kabla hajakanyaga huko. Tunawaomba maafisa elimu, kabla ya kumkabidhi mtu ofisi na mhuri, wamkalishe kwanza na wakuu wazoefu ajizoeze mambo mawili: kumwonya mwalimu mwenzake faraghani, na kumsikiliza mzazi mwenye hasira bila kumkatiza. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya.