Msimfungie Mtoto Koti Moja



Kila Agosti kuna nyumba hapo mtaani Mombasa, Mwembe Tayari hadi Mji wa Kale, inayomfungia mwana begi la kuja kusoma Uingereza, na kuna koti linalotafutwa kwenye mitumba: zito, lina manyoya shingoni. Pengine lilivaliwa hapa hapa Glasgow, likatolewa sadaka, likafungwa robota, likashuka Kilindini. Sasa lataka kurudi kwao kwa ndege. Msilinunue. Afikaye Septemba theluji haimhusu bado. Kinachomngoja ni majira ya majani kupukutika, na haya hayana adabu.

Sisi tumelelewa na hewa yenye zamu. Kusi ikivuma, wavuvi wajua bahari imechafuka. Ikilegea ni matlai, kisha kaskazi yaingia. Hata mvua ya vuli ikipita kiasi, kama ile ya El Niño ya 2023, huwa imefika katika miezi yake. Huku asubuhi ni jua, saa nne manyunyu yasiyokuwa mvua wala ukavu, adhuhuri watu wamevua masweta, alasiri upepo wavunja miavuli. Tarehe 1 Oktoba 2011, Gravesend, mashariki ya London, walipima nyuzi 29.9: joto la Mombasa hasa. Oktoba 2023 dhoruba iitwayo Babet iligharikisha Brechin, mji mdogo hapa Scotland, watu wakahamishwa majumbani.

Sababu iko juu, kiasi cha kilomita 10, unakopita mkondo wa upepo wa kasi kutoka magharibi, mpakani mwa hewa baridi na hewa ya joto. Miezi hii ncha ya kaskazini yapoa upesi na Atlantiki ingali vuguvugu, basi mkondo hupata nguvu, na ukijipinda kidogo tu siku nzima hugeuka. Dhoruba zenyewe, tangu 2015, hupewa majina ya watu kwa mpangilio wa alfabeti, orodha mpya kila Septemba. Jina zuri halipunguzi maji, lakini angalau watu husikia tahadhari.

Kwa hivyo fungeni fulana za mikono mirefu, sweta jembamba, viatu visivyopitisha maji na koti jepesi la mvua lenye kofia yake. Kuvaa na kuvua ndiyo kazi ya kutwa. La baridi kali atalipata huku kwenye maduka ya hisani, kwa bei nafuu. Lile zito, kama mshalinunua, mpeni anayepanda basi la usiku hapo kwenda Limuru.

Zaidi ya mvua, mimi naliogopa giza. Mwisho wa Novemba, Magharibi ya Glasgow huingia kabla ya saa kumi jioni. Kijana akiwaambia hana raha na hajui kwa nini, msimkimbilie na hirizi. Muulizeni kama anameza vitamini D. Serikali yenyewe inashauri mikrogramu 10 kwa siku, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Halafu simu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huku hurudishwa nyuma, tukapishana saa tatu badala ya mbili. Mnaotupigia mkitoka msikitini Alfajiri, huku ni saa nane za usiku. Kama si msiba, ngojeni hadi saa nne.