Dereva Aliyerudishwa Nyumbani na Barua

Wasomaji wapenzi, hasa ninyi kina mama wa kambini na wa laini za polisi, mwajua maana ya mtu kurudi nyumbani kabla ya saa zake, barua mkononi. Juma hili naleta habari ya dereva wa Uingereza ambaye kesi yake hutajwa hadi leo kwa jina lake, Polkey.

Aliendesha gari la kampuni moja tangu mwaka 1978. Kampuni ikitaka kupunguza gharama, iliazimu kuondoa madereva wake wanne na kuweka watu wa kuendesha na kuuza bidhaa pamoja. Mmoja tu kati yao alionekana anafaa. Tarehe 27 Agosti 1982 Polkey akaitwa kwa meneja, akaambiwa amepunguzwa, akapewa barua yenye hesabu ya malipo yake, akaamriwa aende zake saa ile ile. Aliyempeleka kwao ni dereva mwenziwe. Naye aliporejea, akapunguzwa.

Hakuna aliyemwuliza neno. Hata askari aliyekosa husomewa shtaka akaulizwa ana lipi la kusema. Huyu hakuwa na kosa lolote.

Baraza la kazi liliulaumu vikali ukosefu huo wa huruma, lakini likamnyima haki: hata angeshauriwa, lilisema, angepunguzwa tu. Akakata rufaa, akashindwa. Akaenda Mahakama ya Rufaa, akashindwa tena. Wengi wangekata tamaa hapo, nami siwalaumu.

Tarehe 19 Novemba 1987 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo wakati ule, likamkubalia. Kinachopimwa, lilisema, ni mwenendo wa mwajiri siku alipomwachisha mtu, kwa mambo aliyoyajua siku hiyo, wala si kubahatisha baadaye kwamba mwisho ungekuwa ule ule. Kesi ikarudishwa isikilizwe upya na baraza jingine. Ila ushindi huo una mpaka: ikionekana kwamba huenda mtu angeachishwa hata kwa utaratibu mwema, fidia yake hupunguzwa kwa kadiri hiyo.

Mwenye kukata rufaa na aangalie hili. Polkey hakushinda kwa kueleza uchungu wake. Alishinda kwa kuonyesha kwamba sheria ilitumiwa visivyo. Hata leo, nchini Uingereza, rufaa kutoka baraza la kazi husimama juu ya hoja ya sheria, nayo hutakiwa kufika katika siku 42. Siku hizo huhesabiwa tangu hukumu au sababu zake zilizoandikwa zilipotumwa, si tangu bahasha ilipofunguliwa.