AFYA YA NYUMBANI: Mkono wa Mtoto Usivutwe

Mtoto huanguka mwembeni akatanguliza kiganja kujikinga, na uzito wa mwili wote ukaupanda mkono mpaka kiwikoni. Hapo huvunjika mfupa wa mkono wa juu, palipo pembamba, kidogo juu ya kiwiko. Katika mivunjiko ya kiwiko kwa watoto huu ndio uonekanao zaidi, na hasa kwa wenye umri wa miaka 5 hata 7. Mfupa ukiwa umeachana sana, tabibu huurudisha mahali pake, akaushikiza kwa vyuma vyembamba mfano wa sindano, kisha akaufunga mkono kwa plasta.

Mtoto akisharudi nyumbani, kazi huwa ya wazazi. Katika kazi hiyo pana mahali pa haraka na pana mahali pa subira, wala moja haifai kukaa mahali pa mwenzake.

Mahali pa haraka ni siku za mwanzo. Mkono huvimba, na uvimbe ukizidi huizuia damu isipite katika nyama. Richard von Volkmann, tabibu wa Kijerumani, alieleza mwaka 1881 jinsi nyama za mkono zilizokosa damu zinavyokufa, na vidole vikakunjamana. Kwa hivyo mkono na uwekwe juu ya mito, na vidole vitazamwe mara kwa mara, usiku na mchana. Maumivu yakizidi ingawa mtoto amekunywa dawa, au akilia anyooshwapo vidole, au vidole vikiwa baridi, vikapauka au vikafa ganzi, msingoje kuche. Mrudisheni hospitali saa ile ile.

Mahali pa subira huja baadaye. Baada ya majuma 3 au 4 vyuma hutolewa, aghalabu pasipo kupasua tena. Plasta ikifunguliwa wazazi hushtuka: mkono umekonda, na kiwiko hakinyooki wala hakikunjiki sawasawa. Ndipo bibi aletapo mafuta ya kukandia, na baba akaushika mkono akauvuta upate kunyooka. Twawasihi, msifanye hivyo. Kiwiko kilichovutwa kwa nguvu huvimba upya, na pengine mfupa huota ndani ya nyama, mkono ukawa mgumu kuliko kwanza. Nia ilikuwa njema, lakini hasara ni ya mtoto.

Mwacheni autumie mwenyewe. Ale kwa mkono huo, afunge vifungo vya kanzu yake, atawadhe, achezee maji katika beseni. Maumivu yake ndiyo mpaka wake. Kupanda miti na kucheza mpira kungoje idhini ya tabibu.

Kila Ijumaa mama aweza kumtazama: je, mkono wafika kinywani? Juma jingine, wafika sikioni? Halafu begani? Sehemu kubwa ya wepesi hurudi katika majuma ya mwanzo, na iliyosalia huendelea kurudi kidogo kidogo, pengine hata mwaka mzima. Kunyooka kabisa aghalabu huja mwisho. Ikiwa miezi yapita pasipo nafuu yoyote, au vidole havina nguvu, mrejeeni tabibu, msirejee kuuvuta.

Kumpenda mtoto aliyevunjika ni kumtazama sana na kumshika kidogo. Mkono wake utafunguka kwa kucheza kwake.